Picha za Tamasha Zinapoharibika: Kutambua Dalili na Chanzo Chake

Mtu anayetoka tamashani na picha tele zilizoharibika kwa kawaida huilaumu kamera yake, kisha huanza kuulizia bei ya nyingine. Lawama hiyo mara nyingi haina msingi. Picha iliyoharibika hubaki na alama zinazoonyesha kilichoiharibu, na alama hizo zinasomeka hata kwenye kioo cha simu, mradi mwenyewe akubali kuikuza picha na kuitazama kwa utulivu kabla ya kugusa kitufe chochote. Anayebadilisha mipangilio mitatu kwa mpigo kwa sababu amekasirika hatajua ni upi uliomsaidia, na wimbo unaofuata utamkuta palepale.

Mifano mingi hapa chini inatokana na Sauti za Busara, tamasha lililoanza Zanzibar mwaka 2004 na ambalo hufanyika mwezi Februari, kwa miaka mingi likiwa ndani ya Ngome Kongwe, mkabala na bustani ya Forodhani. Tamasha hilo linafaa kwa somo hili kwa kuwa linakusanya karibu kila taabu inayompata mpigapicha wa nje: jua la Februari hupita karibu kabisa na utosi, hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, jua huzama kiasi cha saa 12:45 jioni na giza huingia upesi, na baada ya hapo mwanga wote hutoka kwenye taa za jukwaani ambazo hubadilika rangi kila baada ya sekunde chache. Anayeweza kupiga picha humo hatababaika Nyege Nyege ya Uganda, ingawa huko itambidi abebe pia kitu cha kuikinga kamera na mvua.

Picha ina ukungu na haionekani vizuri

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na ndilo linalochanganya zaidi, kwa kuwa vyanzo vinne tofauti huleta matokeo ambayo kwa haraka yanafanana. Ikuze picha hadi uone taa ndogo, mlingoti wa maikrofoni na macho ya mwimbaji, kisha ulinganishe.

Ikiwa kila kitu kimevutika kuelekea upande mmoja, na vitaa vya jukwaani vimekuwa vijistari badala ya nukta, basi aliyetikisika ni mpigapicha. Kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka kuruhusu mwanga kuingia, ilikuwa ndogo kuliko uwezo wa mkono kutulia. Kanuni ya zamani, ambayo bado inafaa, inasema kwamba kasi isishuke chini ya moja kwa urefu wa lenzi, yaani anayetumia milimita 200 asiende chini ya 1/200 ya sekunde, na mwenye kamera ya kihisi kidogo (kihisi ni sehemu ya ndani inayopokea mwanga) aongeze hadi 1/300 hivi. Namna ya kusimama husaidia pia: viwiko vibanwe mbavuni, mgongo uegemezwe ukutani, jambo ambalo Ngome Kongwe inaliruhusu kwa ukarimu, na kitufe kibonyezwe polepole.

Ikiwa mlingoti wa maikrofoni na spika zinaonekana safi lakini mtu amevurugika, basi aliyesogea ni yeye. Hapo teknolojia ya kutuliza lenzi, ambayo wauzaji huisifu sana, haina msaada wowote, kwa sababu kazi yake ni kupunguza mtikisiko wa mkono wako na haiwezi kumzuia mcheza ngoma asiruke. Dawa ni kuongeza kasi. Mwimbaji wa taarabu anayesimama mbele ya safu ya fidla hupigika vizuri kwa 1/125 au 1/160. Anayetembea jukwaani huku akiimba anahitaji 1/250. Wapiga ngoma na wachezaji wa singeli wanahitaji 1/500 au zaidi. Iweke kamera kwenye hali ya kuchagua kasi, inayoandikwa S au Tv kwenye gurudumu la juu, na uiache ISO, yaani kiwango cha usikivu wa kamera kwa mwanga, ijipange yenyewe. Ukungu mdogo kwenye vidole vya mpiga ngoma huku uso wake ukiwa umetulia si kosa. Binafsi naupendelea kuliko mkono ulioganda hewani kana kwamba haukupiga kitu.

Ikiwa kuna kitu kilicho wazi kabisa lakini si kile ulichokitaka, kwa mfano kichwa cha maikrofoni kinaonekana hadi vitundu vyake huku macho ya mwimbaji yakiwa yamefifia, au mpiga gitaa wa nyuma anaonekana vizuri kuliko wa mbele, tatizo ni fokasi. Kamera hutafuta mahali penye tofauti kubwa ya mwanga na giza, na gizani maikrofoni inayong'aa huivutia kuliko uso. Achana na hali ya kuiachia kamera ichague yenyewe, tumia nukta moja ya kulengea, uiweke kwenye jicho au, mwanga ukiwa hafifu mno, kwenye ukingo wa kofia, kilemba au kola ya nguo, mahali ambapo rangi mbili zinakutana. Kumbuka pia kwamba lenzi iliyofunguliwa sana huacha eneo jembamba tu likiwa wazi. Kwa lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa hadi f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa) kwenye kamera ya kihisi kikubwa, mtu akiwa umbali wa mita 3, eneo hilo halifiki sentimita 15, na mwimbaji anayeyumba kufuata mdundo hulitoka na kulirudia mara kadhaa katika ubeti mmoja. Kufunga tundu hadi f/2.8 hugharimu mwanga kidogo, lakini huokoa picha nyingi.

Chanzo cha nne hutambulika kwa urahisi mara mtu anapokijua: picha nzima imekuwa kama yenye maziwa, weusi wake umekuwa kijivu, na kila taa imezungukwa na duara la mwanga. Hapo lenzi ni chafu au imetoa jasho. Kwenye simu, uchafu ni mafuta ya vidole na jasho la mfukoni, nao huondoka kwa kitambaa safi kikavu. Kwenye kamera, hasa Zanzibar, chanzo mara nyingi ni kiyoyozi. Kamera iliyokaa mchana kutwa kwenye chumba cha baridi, ikitolewa ghafla kwenye hewa ya joto yenye unyevu mwingi, hufunikwa na vitone vya maji papo hapo, kwa jinsi ileile chupa ya soda baridi inavyolowa mezani. Kupangusa hakusaidii, kwa kuwa lenzi ingali baridi na vitone vitarudi. Ifungie kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutoka chumbani na uiache humo nusu saa hivi, hadi ipate joto la nje. Maji yatagandamana na mfuko badala ya kioo. Usibadilishe lenzi wakati huo, kwa sababu hewa yenye unyevu itaingia ndani ambako huwezi kuifikia. Na ikiwa umesimama upande wa Forodhani, ambako upepo wa baharini huleta chumvi na majiko ya mishikaki huleta moshi wa mafuta, puliza vumbi kwanza kwa kipulizio cha mpira ndipo upanguse. Upindo wa kanga au wa fulana juu ya chembe za chumvi ni njia ya hakika ya kukwaruza kioo.

Uso wa mwimbaji umeungua, au umekuwa kivuli kitupu

Kipima mwanga cha kamera hakijui kwamba kinatazama jukwaa. Kinachojua ni kwamba sehemu kubwa ya picha ni nyeusi, kwa hiyo huongeza mwanga hadi weusi ule uwe kijivu cha wastani, na uso pekee uliomulikwa huungua ukawa doa jeupe lisilo na alama za ngozi. Kinyume chake hutokea taa za nyuma zinapowashwa kuelekea kwa hadhira: kamera huona mwanga mkali, hupunguza, na mwimbaji huwa kivuli. Katika hali ya kwanza, punguza mwanga kwa kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, kuanzia -1 hadi -2. Katika hali ya pili, kama hutaki kivuli, chagua kipimo cha nukta moja na ukielekeze usoni. Lakini huenda ukakitaka hicho kivuli, kwani umbo la mpiga zumari au la mcheza ngoma likisimama mbele ya moshi uliomulikwa huweza kuwa picha bora kuliko uso wenyewe, na hapo kazi yako ni kusubiri mikono itengane na mwili ili umbo lisomeke.

Ngozi nyeusi inastahili maelezo marefu kidogo. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilisahihisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi kuwa sahihi. Kamera na simu za leo zimeboreka sana, lakini tabia ya kuona weusi wa ngozi kuwa upungufu wa kusahihishwa haijaisha. Simu nyingi humng'arisha mwimbaji mweusi hadi awe wa rangi ya majivu, kisha humlainisha ngozi hadi apoteze umri wake. Huo si mwanga mzuri hata kama picha inaonekana angavu. Ngozi nyeusi hujengeka katika picha kwa mng'ao: paji la uso, mifupa ya mashavu, ncha ya pua, bega lililolowa jasho. Pima mwanga kwa sehemu hizo. Ikiwa mng'ao umekuwa mweupe mtupu, punguza. Ikiwa mng'ao una rangi na upande wa kivulini bado unaonyesha umbo la shavu, acha ulivyo hata kama picha kwa jumla inaonekana ya giza. Kwenye simu, gusa uso kwa kidole na ushikilie hadi kipimo kifungwe, kisha telezesha alama ya jua kuelekea chini kidogo kuliko unavyodhani inahitajika.

Wasanii waliovaa kanzu nyeupe huleta tatizo jingine. Nguo hiyo ikijaa kwenye fremu, kamera hupunguza mwanga, na uso hutoweka. Pima kwa uso, ukubali kanzu ipoteze baadhi ya mikunjo yake, au kama kamera yako ina faili ghafi, linaloandikwa RAW na kuhifadhi mwanga wote kama kihisi kilivyoupokea, piga picha yenye kanzu salama na uung'arishe uso baadaye wakati wa kuhariri.

Kila mtu ni mwekundu, wa buluu au wa zambarau

Taa za LED hutoa rangi iliyokolea kupita uwezo wa kamera kuihifadhi. Chini ya taa nyekundu tupu, mkondo mwekundu wa picha hujaa na kufurika huku wa kijani na wa buluu ikiwa karibu mitupu, ndiyo maana uso unakuwa kibandiko chekundu kisicho na pua wala mdomo. Dalili yake ni kwamba histogramu ya kawaida (grafu ya kamera inayoonyesha mwanga wa picha) inaonekana salama lakini ile ya rangi tatu inaonyesha nyekundu imegonga ukuta wa kulia. Punguza mwanga kwa hatua moja au zaidi, na upige faili ghafi, kwa kuwa rangi iliyofurika kwenye JPEG, faili la kawaida la picha, hairudi kwa uhariri wowote. Kama wimbo mzima ni mwekundu, igeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe. Hiyo ni njia ya heshima, na wapigapicha wengi wa muziki huitumia kuliko wanavyokiri.

Taa za buluu zina ubaya wake: fokasi huhangaika, na chembechembe huongezeka. Hakuna ujanja mkubwa hapo. Fundi wa taa hubadilisha rangi kufuata muundo wa wimbo, kwa hiyo ukisikiliza ubeti wa kwanza na kiitikio utajua taa nyeupe au ya manjano inarudi lini, na utakuwa tayari.

Ikiwa picha zilizopigwa kwa kufuatana zina rangi tofauti ingawa taa haikubadilika, kosa liko kwenye mpangilio wa weupe unaojiendesha (auto white balance). Uweke kwenye alama ya jua na uuache hapo usiku wote, ili marekebisho yawe ya mara moja kwa picha zote.

Mistari ya giza imekatiza picha

Mistari myembamba au minene inayokata picha kwa mlalo, ambayo hukuiona kwa macho, hutokana na taa zinazowaka na kuzimika haraka kuliko jicho linavyoweza kutambua. Taa za kawaida zinazotumia umeme wa gridi, ambao Tanzania, Kenya na Uganda ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, humetameta mara 100 kwa sekunde. Taa za LED za jukwaani hupunguzwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa mara mamia au maelfu kwa sekunde. Kihisi kinachosomwa mstari mmoja baada ya mwingine, kama kilivyo kwenye simu na kwenye kamera zinazotumia shata ya kielektroniki, hunasa baadhi ya mistari taa ikiwa inawaka na mingine ikiwa imezima.

Jaribio la kutambua ni rahisi: badilisha kutoka shata ya kielektroniki, ambayo pengine uliiwasha ili kamera isitoe sauti, hadi shata ya kimakanika. Mistari ikipungua sana au ikiisha, umeshapata chanzo. Isipoisha, shusha kasi hadi 1/100 au 1/125, na kama kamera yako ina kipengele cha kuzuia mmeto kiwashe, ukijua kwamba kilitengenezwa hasa kwa ajili ya mmeto wa umeme wa gridi na kwa LED hakitasaidia kila mara. Ikiwa mistari iko kwenye skrini kubwa ya nyuma tu na mtu yuko salama, kasi ndogo zaidi itaisafisha skrini lakini itamvuruga mtu. Afadhali usogee pembeni hadi skrini itoke kwenye fremu. Mwenye simu hana shata ya kubadilisha. Kwake msaada ni kuhama pembe ili taa yenye kasoro isiwe ndiyo inayomulika uso.

Chembechembe nyingi kama mchanga

Watu huogopa ISO kubwa, huifunga kwenye 800, kisha hupata picha ya giza ambayo huing'arisha kwenye kompyuta na kushangaa kuona chembechembe zikimea. Picha iliyopigwa gizani na kung'arishwa baadaye kwa kawaida huwa mbaya kuliko iliyopigwa kwa ISO 3200 au 6400 ikiwa na mwanga sahihi tangu mwanzo. Chembechembe ni ukosefu wa mwanga, na ISO ni dalili yake tu.

Kwa hiyo, kabla ya kuhangaika na programu za kuondoa chembechembe, tazama lenzi. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ikivutwa mbele, kwa kawaida hufunguka hadi f/5.6 tu. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kampuni nyingi ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa, huingiza mwanga takribani mara kumi zaidi, na hiyo ndiyo tofauti kati ya ISO 6400 na ISO 640. Kama mtu ana fedha za kununulia kitu kimoja tu, ningemshauri lenzi hiyo kabla ya mwili mpya wa kamera, hata kama itamlazimu kusogea mbele kwa miguu.

Flashi imewaka lakini jukwaa ni jeusi

Mwanga wa flashi hupungua kwa mraba wa umbali: kutoka mita 2 hadi mita 20 hubaki sehemu moja tu ya mia. Flashi ya simu humulika visogo vya watu wawili walio mbele yako na kuiambia kamera kwamba kazi imekwisha, ndiyo maana visogo hivyo ni vyeupe na jukwaa limetoweka. Izime. Zaidi ya hayo, matamasha mengi hupiga marufuku flashi katika eneo la wapigapicha mbele ya jukwaa, na mengine huruhusu upigaji kwa nyimbo tatu za kwanza tu, hivyo ulizia masharti mapema kwa waandaaji badala ya kubishana na mlinzi wakati ngoma imeshaanza.

Mwanga ni mzuri, picha ni safi, lakini haina uhai

Hapa chanzo ni mahali uliposimama. Dalili ya kwanza ni maikrofoni iliyoufunika mdomo na nusu ya uso. Mwimbaji akishika maikrofoni kwa mkono wa kulia, mkono huo unauficha uso wake kwa walio upande wake wa kulia. Hamia kushoto kwake. Usipige anapotoa neno kwa nguvu, kwa sababu hapo mdomo umegusa maikrofoni. Piga anapovuta pumzi, anapomaliza mstari na kuisogeza maikrofoni, au anapogeuka kumtazama mpiga ngoma.

Dalili ya pili ni tundu za pua na videvu. Ukijibana chini ya jukwaa refu, spika za wanamuziki zitakukatia miguu yao na utawaona kutoka chini. Rudi nyuma mita kadhaa. Kwa mpiga kanuni, ambaye huketi na kuinamia nyuzi zake, pembe hiyo ya chini inaweza kukufaa kwa kuwa ndiyo inayoufikia uso wake, lakini kwa waliosimama haifai.

Taarabu ina hali yake. Mwimbaji husimama karibu bila kusogea, na anayemtazama kwa lenzi dakika tano atadhani hakuna picha. Picha inakuja pale watu wanapoinuka kwenda kumtunza: wanawake hupanda wakicheza taratibu, noti imenyanyuliwa juu, mmoja anaisindikiza na maneno ya wimbo yaliyomgusa kana kwamba yameimbwa kwa ajili ya mtu fulani aliye ukumbini. Ukiwa umejifunga kwenye uso wa mwimbaji kwa lenzi ndefu, utapata migongo tu. Badilisha uwe na lenzi pana kabla hawajafika, simama pembeni mwa njia wanayopitia, na uwaache wapite. Na kwa sababu wanaotunza ni watu wa hadhira, ambao baadhi hawapendi picha zao zisambae, hasa akina mama na watoto, mwombe mtu ruhusa kwa macho na ishara kabla, au mwoneshe picha baada ya wimbo. Akikataa, ifute mbele yake.

Wapo pia wanaoinua simu juu ya vichwa kwa wimbo mzima. Wanawazibia watu wa nyuma, na picha yenyewe huwa ya simu nyingine zilizoinuliwa.

Picha za mchana: macho yamekuwa mashimo meusi

Gwaride la mitaani lenye beni na ngoma, na maonyesho ya alasiri, huleta dalili hii. Katikati ya Februari jua la mchana Zanzibar husimama nyuzi zaidi ya 80 juu ya upeo wa macho, kwa hiyo paji la uso linayatia macho kivuli na kofia inaufuta uso wote. Vichochoro vya Mji Mkongwe vitakusaidia: subiri gwaride liingie kwenye kivuli cha majengo, ambako ukuta wa pili uliopigwa na jua hurudisha mwanga laini usoni. Pasipo na kivuli, na mtu akiwa ndani ya mita 3, hapa ndipo mahali pekee ambapo flashi inafaa, kwa kujaza mashimo ya macho. Simu iliyopigwa na jua muda mrefu inaweza kugoma kwa joto. Iweke kivulini, usiitie kwenye friji, kwa sababu zilizoelezwa kuhusu unyevu.

Vidoa visivyoeleweka

Vidoa vya kijani au vya buluu vinavyojipanga upande wa pili wa picha, mkabala na taa kali, ni mwakisiko ndani ya lenzi. Vua kichujio cha kinga kilicho mbele na uone kama vinapungua. Kwa kawaida vinapungua sana. Vidoa vya kijivu vinavyoonekana angani mchana, mahali palepale kwenye kila picha, ni vumbi juu ya kihisi. Lakini nukta au mstari angavu wenye rangi ambao haubadiliki mahali ni jambo la kuhofiwa. Funika lenzi kwa kifuniko chake na upige picha: ikiwa nukta ingalipo, kihisi kimeumia, na chanzo kimojawapo ni miale ya leza. Leza za jukwaani zikielekea moja kwa moja kwenye lenzi zinaweza kuunguza kihisi cha kamera na cha simu pia, na hilo halitengenezeki kwa kusafisha. Zinapowashwa kuelekea hadhira, ishushe kamera.

Usiku picha ilikuwa nzuri, asubuhi ni mbovu

Kioo cha kamera gizani huonekana angavu mno, na jicho lililozoea giza hudanganyika kwamba picha ina mwanga wa kutosha. Punguza mwangaza wa kioo na uamini histogramu. Ikiwa ubora umeshuka baada ya kuituma, chanzo ni programu ya ujumbe: WhatsApp hubana picha inayotumwa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo mtumie msanii au mwandishi wa habari picha kama dokumenti, nayo itafika ilivyo.

Ikiwa picha hazifunguki kabisa, au kamera inaandika kwamba kadi ina hitilafu, acha kupiga papo hapo na uitoe kadi hiyo. Picha zilizopotea kwa kawaida bado zimo, na programu za kurejesha mafaili huweza kuzitoa, lakini kila picha mpya unayoiandika juu yake inaweza kufuta ya zamani moja kwa moja. Weka kadi ya pili, endelea na onyesho, na usikubali kubonyeza kitufe cha kufomati ambacho kamera itakupendekezea hadi kadi ile ifike kwenye kompyuta.